Maharage Yangu Yalivyogeuka Sakafu ya Bafu

Bei ya maharage ilipopanda, nilicheka peke yangu stoo mpaka mkamwana wangu akaja kuchungulia. Alidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia yangu mawili, fimbo yangu pembeni, nacheka.

"Mama, kuna nini?"

"Kuna bafu," nikamwambia. "Tumekalia bafu hapa."

Watu wengine bei ikipanda wanawaza ada, wengine bati. Mimi niliwaza bafu. Maharage hayo niliyavuna kijijini Mpui, kwenye kishamba alichoniachia baba yangu. Niliyang'oa nikiwa nimekaa chini, nikijivuta shina kwa shina, maana mguu wa kulia haukunjiki tangu nilipovunjika nyonga. Yalikuwa yangu, hakuna mtu wa kuniambia yameuzwa kwa shilingi ngapi na yamekwenda wapi.

Na nilichotaka ni kitu kimoja tu. Nilitaka kuoga peke yangu, mlango umefungwa kwa ndani. Mwenye miguu miwili mizima ataona ni jambo dogo. Asilione dogo. Mimi nina miaka hamsini na ushee, sijazeeka, na tangu nivunjike nilikuwa naogeshwa kama mtoto.

Nilivunjikia humo humo bafuni kwangu, na walionivunja nawajua. Wengine wakianguka husema ni shetani. Mimi shetani simsingizii, hakuwepo siku ile. Waliokuwepo ni watatu.

Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Mwaka ule tulipoamua kuweka marumaru bafuni, yeye ndiye alijifanya msimamizi. Akaleta marumaru za sebuleni, zile zinazong'aa, zilizobaki kwenye gesti aliyokuwa anasimamia ujenzi wake. Ukiinama unaona meno yako. Akasema, "Shemeji, bafu ndiyo uso wa nyumba." Nikamuuliza kama hazitelezi. Akanicheka. Akasema kijijini ndiko watu wanaogopa kuteleza.

Halafu akafanya jambo ambalo kwetu Ufipa hata mtoto angelikataa. Huku kwetu ukiita watu wakusaidie kulima, unawapikia pombe ya ulezi. Lakini chungu kinakaa mwisho wa shamba. Watu wanalima wakikifuata, na kikifunguliwa shamba limekwisha. Ndiyo maana yake. Shemeji yeye, kwa kutaka sifa, alifungua pombe asubuhi kabla fundi hajachanganya simenti. Eti ni mwezi wa sita, baridi kali, mafundi wapashe mwili moto kwanza.

Wakapasha. Mpaka saa sita fundi alikuwa anatandaza marumaru kwa jicho, na jicho lenyewe moja amelifumba. Pimamaji yake ilikaa kwenye mfuko siku nzima. Huyo ndiye wa pili. Alitoka Namanyere na alirudi Namanyere, na nasikia bado anajenga. Walioko huko waangalie mabafu yao. Sakafu aliyoniachia ilikuwa imeinamia mlangoni. Tundu la maji liko kule kona ya ndani, juu mlimani, maji yako huku bondeni. Kila tukioga tunayasukuma kwa ufagio kuyapandisha.

Wa tatu ni mume wangu, Mungu amlaze, lakini nitamtaja. Aliona yote akanyamaza. Nilipomwambia azungumze na kaka yake, akajibu, "Kaka ni kaka." Basi alikufa na kaka yake akiwa kaka, mimi nikabaki na bafu.

Asubuhi moja nikatoka kujisuuza, povu miguuni, maji yamesimama pale mlangoni kama kawaida yake. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nimelala chini, shavu kwenye marumaru, na jicho langu mwenyewe linanitazama kutoka sakafuni. Hospitali nilikaa mpaka majirani wakachoka kuleta uji. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba shemeji alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya mbao za jeneza. Sikufa. Nilimwambia hivyo siku niliporudi: "Shikamoo shemeji, sikufa." Akaitikia marahaba huku anaangalia pembeni.

Toka hapo mkamwana wangu akawa ananiogesha. Ni binti wa wafugaji, wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa wakashukia bondeni Rukwa. Ana mikono ya nguvu na hana kelele. Kwetu mama mkwe kuvuliwa nguo na mke wa mwanawe ni jambo la kufukia uso. Yeye aliliona hilo bila kuambiwa. Kila siku akinimwagia maji alikuwa ananisimulia habari za ng'ombe wa baba yake, huyu mwekundu mkorofi, yule wa madoa aliyezaa mapacha, ili sote wawili tujifanye tuko malishoni. Nilimshukuru. Na kila siku nilitoka mle nikiwa na hasira.

Sasa basi, bei ilipopanda, nikamwita fundi wa mtaa wetu hapa Malangali. Huyu ni mtu wa makamo, anaongea taratibu, na nimeona kazi zake kwa majirani. Alipiga magoti, akagonga marumaru kwa nyuma ya mwiko, moja baada ya nyingine, akasikiliza.

"Mama, hizi zinalia debe tupu. Chini hazikushikwa."

"Zing'oe."

"Kung'oa siyo kazi. Kazi ni mteremko. Itabidi sakafu yote ivunjwe, imwagwe upya ielekee kwenye tundu. Hapo ndipo gharama ilipo." Akaanza kunitajia shilingi, elfu ngapi mchanga, elfu ngapi gundi, mpaka kichwa kikaniuma.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi niliishia darasa la nne na hela yangu haipo mfukoni, ipo kwenye gunia. Nitajie kwa sado."

Akacheka, lakini akakubali. Sado ni kile kindoo cha lita nne tunachopimia sokoni, sado tano zinajaza debe. Tukakaa ukumbini kwenye mkeka. Nikachota maharage, punje moja ikawa sado moja. Mfuko wa simenti punje mbili na nusu, tukaipasua punje kwa meno. Boksi la marumaru za chini punje nne. Gundi yake, mchanga, simenti nyeupe ya kuziba nafasi, bomba la chuma la kushikia ukutani, mkono wa fundi, yaani ujira wake. Kila kitu kikapata fungu lake. Mkeka ukawa bafu. Niliona raha, sijui niieleze vipi. Nilikuwa nayasogeza yale mafungu kama mtu anayepanga vyombo vya harusi. Hapa ukuta, hapa sakafu, hapa nitashika, hapa nitaweka sabuni.

Fundi alipoondoka nikayaacha vilevile, nikaenda jikoni kutazama chungu. Niliporudi nikasikia mkamwana anapiga kelele.

"Mama! Jogoo amekula simenti!"

Kweli, alikuwa amesimama katikati ya mkeka, amemaliza simenti, ameingia kwenye mchanga. Tulimfukuza kwa fimbo yangu hadi uani, tunacheka mpaka machozi.

"Na mkono wa fundi je?" nikauliza.

"Mkono amedonoa kidogo."

"Basi huyo jogoo ataingia kwenye bajeti. Siku ya kazi fundi atamla yeye na mkono wake."

Tukapanga upya. Na hapo ndipo nilipouona ukweli vizuri. Debe la mbegu sikutaka kuligusa, na ya kula hadi mavuno mapya lazima yabaki. Kilichobaki kilitosha sakafu, mteremko na bomba la kushikia. Marumaru za ukutani hazikutosha. Nikihamisha punje kwenda ukutani, sakafu inabaki vilevile, imepigwa viraka tu. Nilizihamisha hivyo, nikazirudisha, nikazihamisha tena. Ukuta ni mzuri kuutazama. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuvunjika nyonga kwa ukuta.

Siku iliyofuata nikapanda bajaji hadi mjini, mkamwana pembeni ameshika fimbo yangu kama bunduki. Duka la kwanza kijana muuzaji akanionyesha zile zile zinazong'aa.

"Hizi ndizo zinazokwenda, mama. Nyumba zote za maana."

"Nimeshalala juu ya hizo. Nataka za kukwaruza."

"Za kukwaruza ni za nje. Za barazani, au njia ya gari."

"Zilete."

Akaileta moja, ya kijivu, ina vijipele kama ngozi ya kenge. Nikaomba maji. Akanitazama. Nikamwambia anipe maji na kipande cha sabuni. Akaona aibu kumnyima mama mwenye fimbo, akaleta. Nikaiweka chini, nikavua kandambili, nikaimwagia maji, nikasugua sabuni, nikakanyaga kwa mguu mbovu huku mkamwana amenishika kiuno. Watu dukani wakasimama kutazama. Nikasukuma mguu mbele. Haukwenda. Nikasukuma tena, kwa nguvu. Haukwenda! Nilitaka kupiga vigelegele pale pale.

"Mama anajaribisha tairi," mzee mmoja akasema, watu wakacheka.

"Ndiyo, baba," nikamjibu, "na gari lenyewe limeshapinduka mara moja."

Za ile rangi zilikuwa zimebaki maboksi machache tu, na rangi yenyewe hakuna anayeitaka, kwa hiyo kijana akapunguza. Boksi likashuka kwa punje moja nzima. Njia yote ya kurudi nilikuwa nahesabu zile punje zilizookoka, nikazipeleka zote kwenye bomba la kushikia, liwe refu, lizunguke kona.

Habari huku hazikai. Jioni shemeji akaja. Nilimwamkia, akakaa, akakohoa kile kikohozi chake cha kikao.

"Nasikia unaweka marumaru za barabarani bafuni."

"Umesikia vizuri."

"Shemeji, mwezi ujao kuna wageni wa posa ya binti yangu. Nyumba yangu iko mbali, nilitaka wafikie hapa kwako. Sasa wageni wa heshima waingie bafu la kijivu, ukuta mtupu, kama choo cha stendi?"

Akasogea.

"Sikiliza. Ukuta nitalipa mimi. Sakafu pia nitalipa mimi. Maharage yako weka, yauze mwenyewe, jinunulie hata vitenge. Lakini ziwe zile nzuri, juu na chini zifanane. Fundi nitamleta mimi. Wewe pika pombe tu."

Sitasema uongo kwamba haikunitikisa. Nilimtazama mkamwana aliyekuwa mlangoni na sinia la chai. Nikawaza magunia mawili yakae stoo, bei iendelee kupanda. Nikawaza bafu linameta juu hadi chini, majirani wanakuja kuomba kulitazama. Bure kabisa. Halafu nikawaza mguu wangu kule dukani, unasukuma mbele na hauendi.

"Shemeji," nikasema, "hao wageni wataoga mara ngapi humu?"

"Siku mbili, tatu."

"Mimi nitaoga mpaka nife. Wewe ulishanunua mbao, unajua."

Mkamwana akageuka haraka na lile sinia, mabega yanatikisika. Shemeji akasema hakununua, aliulizia tu. Nikamwambia haya, na mimi nimeshakwenda kuulizia, na nitanunua. Akasema nina kinyongo. Nikasema ndiyo, ninacho, na kinatembea kwa fimbo. Akainuka. Chai hakunywa.

Nikauza maharage, nikanunua vifaa, na kazi ikaanza wiki ileile. Nyundo na tindo, marumaru za shemeji zikaanza kuruka. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, nilikataa kuondoka. Kila moja ikipasuka nilisikia raha hapa kifuani. Nyingine zilitoka nzima nzima, bila hata kupigwa, fundi akaziinua kwa vidole kama chapati. Chini yake mchanga mtupu. Majirani walipita kusalimia, mmoja akaniuliza kama niko msibani maana nimekaa tangu asubuhi sijasogea.

"Niko harusini," nikamwambia. "Bibi harusi ni hiyo sakafu."

Pombe nilipika. Ulezi niliuotesha mwenyewe, na chungu nikakiweka ukumbini mahali ambapo fundi akiinua kichwa anakiona, kimefunikwa na kimefungwa kitambaa. Nikamweleza sharti mapema. Atamwaga sakafu, na kabla hajabandika hata marumaru moja nitamwaga ndoo ya maji. Maji yakienda yote kwenye tundu, chungu kinafunguliwa. Yasipokwenda, hakifunguliwi.

"Mama wewe ni mkali kuliko mkaguzi wa halmashauri," akasema.

"Mkaguzi hajavunjika nyonga."

Simenti ilikataa kukauka haraka, upepo wa huku unakausha nguo lakini sakafu inakaa na ubaridi wake. Tulisubiri. Ilipokuwa ngumu nikaitisha ndoo. Na hapo, kama vile alinusa, shemeji akatokea. Labda alikuja kuona tukishindwa. Tukasimama wote mlangoni, mimi na fimbo, mkamwana na ndoo, fundi amekunja mikono, shemeji nyuma.

"Mwaga," nikasema.

Maji yakatawanyika, yakasita, halafu yakaanza kwenda. Yakaenda kama ng'ombe wanaolijua zizi. Lakini kona ya kushoto, chini ya mahali ambapo ningekaa, kikabaki kidimbwi, si kikubwa kuliko sahani.

"Kidogo tu hicho," fundi akasema. "Marumaru zikikaa kitaisha."

"Kidogo hichohicho ndicho kilichoniangusha," nikasema.

Shemeji akaingilia. "Shemeji, usimchoshe mtu. Mpe apate nguvu kwanza, atarekebisha baadaye."

Sikumjibu yeye. Nilimtazama fundi. Fundi alimtazama shemeji, akatazama chungu, akatazama kidimbwi. Halafu akachukua mwiko. "Nipe siku mbili, mama," akasema. Nilimpenda yule mtu siku ile kuliko ndugu zangu.

Siku mbili zikapita, nikamwaga tena. Yalikwenda yote. Nilimwaga ndoo ya pili, si kwa kupima, kwa raha tu. Nikamwaga na ya tatu, mkamwana akasema maji ya bomba tunalipia. Nikafungua chungu mwenyewe. Fundi akanywa kikombe cha kwanza akiwa amesimama, akafumba macho. Shemeji, ambaye alikuja tena, akanyoosha mkono.

"Na mimi?"

"Wewe yako ulishainywa mwaka ule," nikamwambia. "Ilikuwa asubuhi."

Fundi alipaliwa. Shemeji akabaki na mkono hewani, halafu akaushusha, akacheka kicheko kifupi. Sikumwekea. Watu wanasema ningemsamehe, umri umekwenda. Watasema wao, nyonga ni yangu.

Marumaru zilibandikwa, bomba likazunguka kona kama nilivyotaka, ukuta ukapigwa plasta na chokaa nyeupe. Wageni wa posa walifikia kwingine. Mimi niliambiwa nisikanyage mpaka gundi ishike, na zile siku za kusubiri zilinitesa. Nilikuwa napita pale mlangoni kama paka anayenusa maziwa.

Siku yenyewe ilipofika ilikuwa asubuhi ya baridi, pumzi inatoka kama moshi. Mkamwana akachemsha maji, akayaingiza, akaweka stuli ya plastiki, akapachika taulo kwenye bomba. Halafu akasimama ndani, amekunja mikono ya sweta, kama kawaida. Nikamtazama. Naye akanitazama. Akashtuka, akacheka, akatoka.

Nikafunga mlango. Nikasukuma komeo. Nikasimama nikisikiliza, hakuna mtu, ni mimi na mvuke. Nikavua kitenge bila kumgeuzia yeyote mgongo. Nilishika bomba, nikaweka mguu mbovu mbele, ukashika. Nikajimwagia kopo la kwanza, na nilisikia maji yakipita kwenye vidole yakiondoka, yakinguruma mle tunduni kwa mbali. Niliimba. Sijui niliimba nini, kwa Kifipa, wimbo wa kuvunia. Nilijisugua mgongo kwa kamba ya kuogea mpaka ukawaka. Nilipaka sabuni mara tatu. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena kwa sababu naweza.

Mlango ukagongwa.

"Mama? Uko?"

"Niko!"

"Umekawia. Na sisi tunataka kuoga, mwanao anachelewa kazini."

"Aoge kesho. Niletee ndoo nyingine."

Nikasikia anacheka kule nje. Akarudi na ndoo, akagonga. "Niingize?"

"Weka hapo mlangoni, uondoke."

Nilisubiri hadi kandambili zake zikafika uani. Nikafungua kidogo, nikaivuta ndoo ndani kwa mikono miwili, nikafunga tena. Maji yalikuwa ya moto kuliko ninavyoyapenda. Nikayaoga hivyohivyo.